Pete za mwaka: gogo la mpaini linahesabu nini?

Kwenye uwanja mmoja wa magogo nje kidogo ya Mafinga, wilayani Mufindi, niliwakuta vijana wawili wa dingdong, zile mashine ndogo za kupasua mbao, wamesimamisha kazi wanabishana juu ya kichwa cha gogo. Mmoja alikuwa amehesabu pete kumi na moja. Mwenye shamba, mzee aliyekaa juu ya rundo la mabanzi, alisema mti ule una miaka tisa.

"Mzee wangu, mti wenyewe umesema kumi na moja," kijana akasisitiza.

"Mwaka nilioupanda ndio aliozaliwa mjukuu wangu. Yuko darasa la tatu. Na yeye mhesabu pete."

Mzee alikuwa sahihi, na kijana naye hakukosea kuhesabu. Pete ya mti ni alama ya mti kupumzika, kisha kuanza kukua tena. Pumziko likija mara moja kwa mwaka, pete na mwaka vinalingana. Likija mara mbili, ugomvi kama ule lazima utokee.

Chini ya gamba kuna utando mwembamba wa seli hai uitwao kambiamu. Huo ndio unaonenepesha mti: kwa ndani unatengeneza mbao, kwa nje gamba. Mbao ya mpaini (wengine huuita msindano, na vitabu vya shule hupenda msonobari) ni sahili kuliko ya mninga. Karibu yote ni mirija ya aina moja, mirefu na myembamba, inayopandisha maji na wakati huohuo kuushikilia mti usimame. Msimu wa kukua unapofunguka, kambiamu inatengeneza mirija mipana yenye kuta nyembamba. Hiyo ndiyo sehemu nyeupe, laini, ambayo hata ukucha unaacha alama. Msimu unapoelekea mwisho mirija inabana, kuta zinanenepa, rangi inakolea kuwa kahawia. Halafu kazi inasimama. Ikianza tena, mirija mipana inakuja ghafla ikigusana na ile ya kahawia, na hapo jicho linaona mstari. Pete moja ni weupe pamoja na kahawia yake.

Pete safi kuliko zote ziko mbali sana na Mufindi. Ukanda wa misitu ya paini na ndugu zake wa sindano, sprusi na lachi, unaopita Urusi, Ufini, Uswidi, Norwei, Alaska na Kanada huitwa taiga, na una zaidi ya robo ya misitu yote ya dunia. Huko pumziko halina mjadala. Oymyakon, kijiji cha Siberia, kiliwahi kupimwa nyuzijoto 67.7 chini ya sifuri mwaka 1933. Sisi tunaovaa makoti mawili Makambako mwezi wa Juni tunyamaze kidogo.

Cha ajabu ni kwamba mti wa taiga haungoji baridi ifike. Ukingoja umekwisha. Unapima urefu wa usiku: usiku ukianza kurefuka baada ya katikati ya kiangazi chao, machipukizi yanafungwa ndani ya magamba yake wakati bado kuna joto. Seli zinapunguza maji na kuongeza sukari, ili barafu ikiganda igande nje ya seli bila kuzipasua. Kunenepa kwa shina kunafanyika katika wiki chache tu za Juni, Julai na Agosti. Kwa muda mfupi hivyo, kujenga majani mapya kila mwaka ni gharama kubwa, kwa hiyo sprusi hubaki na sindano zake kwa miaka kadhaa, zimepakwa nta zisipoteze maji wakati ardhi imeganda na mizizi haiwezi kunywa. Lachi pekee wamechagua njia nyingine. Wanapukutisha sindano zote na kusimama uchi, na hao ndio wanaotawala sehemu kubwa ya Siberia mashariki, ambako udongo wa chini hauyeyuki mwaka mzima.

Matokeo yake yanaonekana kwenye gogo. Mti wa kaskazini wenye miaka 100 na kipenyo cha sentimita 20 umeongeza milimita moja tu ya pete kwa mwaka. Mpaini wa Mufindi unafikia unene huohuo kwa miaka kumi: pete yake ni sentimita nzima, mara kumi ya ile.

Paini tunayoipanda sana hapa, Pinus patula, ni mgeni kutoka milima ya Meksiko. Mbeya na Iringa ziko nyuzi saba hadi tisa hivi kusini mwa ikweta, ambako mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka vinapishana kama saa moja tu. Usiku hauuambii mti mengi. Kinachousimamisha hapa ni ukavu na baridi. Mvua zinaanza Novemba na kuishia Aprili au Mei, kisha inakuja ile miezi ya umande mkali, halafu upepo na vumbi hadi Oktoba. Pete yetu basi inaanza mwaka mmoja na kumalizika mwaka mwingine. Na si pete inayoaminika sana. Kwenye ukingo wa Mufindi ukungu na manyunyu huendelea hata kiangazi, mti haulali vizuri, na mstari unafifia. Kukiwa na wiki za jua kali Februari katikati ya mvua, mti unaanza kutengeneza kahawia, mvua zinarudi, unaghairi na kurudi kwenye weupe. Huo mstari wa kughairi huitwa pete ya uongo.

Kwa mnunuzi wa mbao jambo hili lina fedha ndani yake. Pete za kwanza zinazouzunguka moyo wa mti, kama kumi hivi, ni mbao changa: kuta nyembamba, nyuzi zilizolala upande, na zikikauka zinasinyaa kwa urefu na kujipinda. Mti wa miaka minane au tisa karibu wote ni mbao changa. Ndiyo maana mbao ya mbili kwa nne unayoipandisha kwenye kenchi ikiwa imenyooka, baada ya miezi mitatu inakuwa kama upinde. Mashamba makubwa kama Sao Hill yalipangiwa kuvuna kwenye miaka 25 hivi, lakini mwenye ekari tatu na ada ya shule mbele yake hawezi kusubiri hivyo, na mimi simlaumu. Namlaumu anayeiuza mbao hiyo kwa bei ya mti uliokomaa.

Gogo linaweka na kumbukumbu nyingine. Moto ukiunguza upande mmoja bila kuua mti, kambiamu ya upande ule inakufa, na pete za miaka inayofuata zinajikunja kulifunika kovu. Kwa makovu hayo watafiti wa taiga wanajua msitu uliungua mwaka gani, karne kadhaa nyuma. Patula wetu hutuachia makovu machache kwa sababu moto mkali humuua kabisa. Ila koni zake, yale matunda magumu yanayobeba mbegu, hubaki zimefungwa kwa utomvu matawini miaka mingi, na joto ndilo huzifungua, kama za baadhi ya paini wa Kanada. Anayetembea kwenye shamba lililoungua mvua zikianza ataona miche imejiotea yenyewe, imesongamana kama ulezi.

Turudi kwa wale vijana. Anayetaka kuhesabu vizuri ahesabu kwenye kisiki, chini kabisa, kwani gogo la juu lina pete pungufu: mti ulichukua miaka kufika kimo kile. Apige randa sehemu ndogo hadi iwe laini, ailowanishe, kisha aangalie upande wa nje wa kila mstari wa kahawia. Pete ya kweli inakatika ghafla, kahawia halafu weupe. Ya uongo inafifia pande zote mbili.

Tulilowanisha gogo la mzee kwa maji ya kunywa. Mistari miwili, wa nne na wa saba, ilikuwa inafifia huku na huku.

"Haya," kijana akasema, akiwasha mashine, "shikamoo mzee."