Kukwazika maana yake nini hasa, na sheria inaingia wapi

Kwenye grupu letu la wasap la ukoo kuna binamu yangu alirusha kichekesho cha mchungaji na kapu la sadaka, cha kawaida tu, mnaokaa kwenye magrupu mmeshakiona mara kumi. Shangazi yetu mlokole akaandika neno moja, "Nimekwazika", na nukta kabisa, halafu kimya. Dakika tano hazijaisha mjomba ambaye ndo admini kashamtoa binamu. Jioni binamu ananipigia analalamika kanyimwa uhuru wa kujieleza, ibara ya 18 ya Katiba sijui nini na nini, na shangazi naye upande wa pili anasema ana bahati yule mtoto, kuna sheria ya mtandao ningempeleka polisi. Sasa wote wawili wamekosea, na kila mmoja kakosea kivyake.

Tuanze na neno lenyewe. Kukwaza kunatoka kwenye kujikwaa, ule mguu kugonga jiwe njiani, na kikwazo ndo hilo jiwe. Kanisani neno limekaa sana, ukimkwaza mwenzio maana yake umemwekea jiwe akaanguka kiimani, yaani ni jambo zito. Huku mtaani limelegea, mtu akikerwa na chochote kakwazika, hata kuambiwa timu yake imefungwa. Ila ukilirudia lile jiwe utaona kitu, mtu akijikwaa kidole kinauma kweli na hakuna wa kumbishia, lakini hayo maumivu hayakuambii jiwe liliwekwa na nani, kama alitaka mtu aanguke au lilikuwepo tu siku zote, wala mwenye mguu alikuwa anaangalia wapi.

Kwa hiyo kukwazika ni hali ya msikilizaji. Iko ndani yake. Maneno yaleyale wanayasikia watu mia, wengine wanacheka, wengine wala hawajali, mmoja analia. Ukisema mpaka wa uhuru wa kusema ni pale mtu anapokwazika, basi umemkabidhi mpaka wote yule anayenuna haraka kuliko wenzake, na kesho akinuna kwa kitu kingine mpaka unahama naye.

Kenya hili walilifikisha mahakamani. Sheria yao ya habari na mawasiliano ilikuwa na kifungu cha 29, kinasema ukituma kwa simu au mtandao kitu cha kuudhi sana, au kichafu, au cha kutishia, au uongo unaoujua ni uongo ili tu umkere mtu na kumtia wasiwasi, ni faini hadi shilingi elfu 50 au jela hadi miezi 3 au vyote. Geoffrey Andare akashtakiwa kwa kifungu hicho sababu ya posti ya Facebook, badala ya kujitetea tu kwamba sikuudhi mtu akaenda Mahakama Kuu kukishtaki kifungu chenyewe, na Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi akakifuta. Hoja yake mi naipenda kwa sababu hata mtu ambaye hajasoma sheria anaielewa: kuudhi sana ndo kuudhi kiasi gani? Sheria haikusema. Kwa hiyo kila hakimu angepima kwa moyo wake mwenyewe, na wewe unayeandika saa nne usiku huwezi kujua kabla ya kubonyeza kama umevunja sheria au hujavunja, mpaka uje uambiwe kizimbani. Na kwa mtu aliyechafuliwa jina njia ya kudai fidia kwa kesi ya madai ipo tangu zamani.

Watu wakatangaziana kwamba mahakama imeruhusu matusi. Hapana. Ibara ya 33 ya Katiba yao ya 2010 inaweka mipaka kabisa, propaganda za vita hapana, kuchochea vurugu hapana, matamshi ya chuki hapana, kuchochea kabila moja dhidi ya jingine hapana, na jina la mtu liheshimiwe. Kumuudhi mtu, basi, kuudhi peke yake, hakumo. (Ingawa 2018 bunge likapitisha sheria nyingine ya makosa ya mtandao, na kifungu cha 27 kina maneno ya kuudhi vilevile, safari hii adhabu inafika shilingi milioni 20 au miaka 10. Kimetolewa kwa mlango wa mbele kikaingilia uani.)

Kwetu Tanzania ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa maoni, ila binamu hakufika ibara ya 30, ile inayosema haki yako usiitumie mpaka ukaingilia haki za wengine au maslahi ya umma. Shangazi naye pengine alikuwa anafikiria Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 129, maneno ya kuumiza hisia za dini, kifungo hadi mwaka mmoja. Kipo kweli. Lakini hata hicho hakiulizi tu kama mtu kaumia, kinataka iwe umesema kwa kukusudia kabisa kuumiza imani yake. Mi binafsi nakiona ni kifungu cha hatari maana nia ya mtu ni rahisi kuidhania, ila angalau kinauliza habari za jiwe na aliyeliweka, sio kidole peke yake.

Mkanganyiko mkubwa nadhani unaletwa na sisi wenyewe kutumia neno moja, kukashifu, kwa vitu vitatu. Kuna kumkera mtu. Kuna kumchafulia jina, yaani kumsingizia kwamba kaiba wakati hajaiba, hapo kuna hasara unaweza kuionyesha, kazi imepotea, wateja wamekimbia, unadai fidia. Na hata hapo, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Arusha, Desemba 2014 kwenye kesi ya mwandishi Lohé Issa Konaté wa Burkina Faso aliyefungwa mwaka mzima, ilisema kumtupa mtu jela kwa kosa la kuchafua jina imepita kiasi.

Cha tatu ni uchochezi, na hiki ndicho chenye damu. Arusha hiyohiyo ndipo ilipokaa mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, na Desemba 2003 ikawatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari, Nahimana na Barayagwiza wa redio ya RTLM na Ngeze wa gazeti la Kangura. Ile redio ilikuwa inawaita Watutsi inyenzi, mende, na mauaji yalipoanza Aprili 1994 ikawa inataja watu kwa majina na walipo. Hapa huulizi kama Mtutsi aliyesikiliza alikwazika, swali hilo hata kuliuliza ni aibu. Unauliza maneno yalimtuma nani kufanya nini. Na rufaa ilipoamuliwa 2007, majaji walitenganisha hata hapo, wakasema matamshi ya chuki peke yake sio lazima yawe kuchochea mauaji moja kwa moja, lazima yaangaliwe yamesemwa lini na wasikilizaji waliyaelewaje, na adhabu za wote watatu zikapunguzwa.

Mwaka 2012 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walimalizia kule Rabat, Moroko, mwongozo wenye maswali sita ya kupimia uchochezi: mazingira yakoje, msemaji ni nani, nia yake nini, maneno yenyewe yalikuwaje, yamewafikia wangapi, na madhara yana uwezekano gani wa kutokea. Niliposoma nikacheka kidogo, maana wazee wetu wa utani walikuwa wanayajua nusu ya hayo bila semina. Mchaga akimwambia Mpare kwamba nyie mnauza ng'ombe kugharamia kesi ya kuku, ni utani, Mpare atamrudishia ya pesa na wataagiza soda. Msibani mtani analala kaburini kabisa anakataa marehemu asizikwe mpaka alipwe, na wafiwa wanacheka huku wanalia. Maneno hayohayo yaseme mtu asiye mtani, au yaseme mwanasiasa jukwaani wiki ya uchaguzi, hiyo soda hainyweki.

Ila utani usinidanganye kwamba watu wetu hawajui kuumizana makusudi. Muulize yeyote aliyeishi uswahilini Unguja au Mombasa habari za kanga. Jirani ananunua kanga yenye maneno yanayokuhusu wewe na ndoa yako, anajifunga, anapita mbele ya baraza lako mara tatu asubuhi moja, na ukimuuliza anakwambia hii? nimenunua dukani. Nia anaijua yeye, unaijua wewe, mtaa mzima unaijua, na hakuna hakimu duniani atakayekusaidia. Dawa yake ni na wewe uende dukani ukanunue ya kumjibu.

Turudi kwenye grupu. Binamu hakunyimwa haki yoyote ya Katiba, maana ibara ya 18 inamhusu dola na mwananchi, mjomba sio dola hata akijiona hivyo, ile ni sebule yake na ana haki ya kumwambia mtu toka nje, na binamu naye yuko huru kwenda kufungua grupu lake. Na shangazi ana haki ya kukwazika, ana haki ya kusema kakwazika, ana haki ya kumjibu au kumbloku kabisa. Polisi ndo hawana kazi hapo.

Binamu karudishwa wiki iliyopita. Kitu cha kwanza kutuma ni kichekesho cha shehe na pilau ya maulidi, shangazi kaweka vikatuni vya kucheka machozi sita, na sasa aliyenuna ni baba mdogo Ramadhani.