Vyombo vipya vya ndege ndogo: usifungue tablo kabla vifaa na karatasi havijafika

Kila mwaka mvua zinapoanza Novemba na viwanja vya udongo vikaanza kutitia, wenye ndege ndogo wengi wa Lubumbashi hupeleka ndege karakana zibadilishwe redio, GPS na transponda (kifaa kinachojibu rada kwa utambulisho na kimo cha ndege) wakati safari zimepungua. Ikifika Aprili simu zinatujia sisi wa AAC, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kongo: ndege bado imeegeshwa, tablo, yaani paneli ya vyombo mbele ya rubani, iko wazi, nyaya zinaning'inia, na mwenyewe anataka kujua kwa nini wakaguzi wamekalia faili lake. Malalamiko hayo yamezidi, ndiyo maana naandika. Najua wenye ndege wetu wanautaka usalama. Asiyeutaka asingetumia fedha nyingi hivyo. Lakini mafaili mengi tunayodaiwa kuyakalia hayajawahi kufika kwetu.

Karakana ikikuambia wiki tatu, inakuhesabia saa za fundi kwenye ndege. Haihesabu kifaa kinachosubiriwa kutoka kiwandani, siku za duane, idhini ya mabadiliko, wala yale yatakayokutwa nyuma ya tablo. Shauri langu ni moja: ndege iendelee kuruka mpaka kila kifaa, kila plagi na kila karatasi viwe vimefika na vimekaguliwa. Hapo ndipo bisibisi ishikwe.

Tuanze na karatasi, maana ndizo zinazodharauliwa. Wengi wanaamini kwamba kifaa kipya kilichokuja na karatasi ya Marekani, 8130-3, au Fomu 1 ya Ulaya, kinaweza kufungwa kwenye ndege yoyote. Si kweli. Karatasi hiyo inathibitisha kwamba kifaa chenyewe ni kizima na kimetoka mahali panapotambulika. Haisemi kwamba kinaruhusiwa kwenye Cessna 206 yako. Ruhusa hiyo kwa kawaida hutoka kwenye STC, yaani cheti cha kukubali mabadiliko kwenye aina fulani ya ndege, na STC nyingi huja na orodha ya modeli zinazohusika. Kama modeli yako haimo, fundi hana msingi wa kuanza kazi, na kutafuta idhini ya peke yake kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe.

Hata STC ikiwepo, lazima ikubaliwe na nchi iliyosajili ndege. Ndege yenye herufi za usajili 9S, za Kongo, faili lake ni la AAC. Yenye ZS ni la Afrika Kusini, yenye N ni la Marekani, hata kama imelala Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, miaka kumi. Jambo hili tumelieleza mara nyingi, na bado maombi ya ndege za usajili wa nje yanaletwa kwetu, yanakaa, kisha sisi ndio tunaolaumiwa. Ukiamua kuipeleka ndege karakana ya Johannesburg, karibu kilomita 1,600 kutoka hapa, hakikisha kwanza kwamba karakana hiyo inatambuliwa na nchi ya usajili. Uliza kabla ya kuondoka, si baada ya kulipa.

Kuchagua kifaa nako kuna mitego. Watu hununua kilicho rahisi sokoni Marekani bila kuuliza kama kinafaa huku. Mfano ulio wazi ni ADS-B, kifaa kinachotangaza mahali ndege ilipo, ya megahezi 978: hiyo ni mfumo wa Marekani. Huku kwetu inayohitajika ni ya megahezi 1090, inayofanya kazi pamoja na transponda ya Modi S. Mtu akifungiwa ya 978 atalipa mara mbili na kusubiri mara mbili. Transponda ya Modi S pia hubeba namba ya biti 24 inayotolewa na nchi ya usajili. Ndege iliyonunuliwa Afrika Kusini ikapewa 9S bila namba hiyo kubadilishwa itaendelea kujitangaza kwa utambulisho wake wa zamani.

Redio ya dharura, ELT, ni vivyo hivyo. Tangu tarehe 1 Februari 2009, satelaiti za Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa utafutaji na uokoaji, hazisikilizi tena mawimbi ya megahezi 121.5, zinasikiliza 406. Ya 406 lazima iwekewe msimbo wa nchi ya usajili wa ndege, kisha iandikishwe pamoja na jina na simu ya mwenyewe. Ukinunua iliyotumika bila kubadilisha msimbo, siku ya ajali taarifa itapelekwa nchi nyingine kwanza.

Sasa batri, ambayo imewakwamisha watu wengi kuliko kompyuta yote ya tablo. Batri za lithiamu ayoni zinazosafirishwa peke yake zimepigwa marufuku kubebwa kama mzigo ndani ya ndege za abiria tangu tarehe 1 Aprili 2016. Zile za lithiamu metali, zinazotumika kwenye ELT nyingi, tangu Januari 2015. Lazima zipande ndege ya mizigo pekee, zikiwa na lebo na tamko la bidhaa hatari. Kwa hiyo kisanduku cha GPS kinaweza kufika Luano na ndege ya kawaida wakati batri yake imebaki nyuma ikingoja nafasi. Agiza batri kwanza. Na usimwombe rafiki aitie kwenye sanduku la nguo: ni kosa, na ni hatari kwa abiria wote.

Mzigo ukishafika, jina la kifaa kwenye fakitire lilingane neno kwa neno na lililo kwenye tamko la duane na kwenye karatasi ya kifaa, pamoja na namba ya sehemu na namba ya mfululizo. Fakitire iliyoandikwa "vifaa vya elektroniki" tu inaalika maswali, na mzigo ukikaa bohari gharama zinapanda.

Nyuma ya tablo ya ndege ya miaka ya 1970 usitegemee usafi. Mafundi wanakuta nyaya zilizokatwa zikaachwa, viungo vilivyofungwa kwa utepe, na antena zisizomo kwenye kumbukumbu yoyote. Hayo lazima yatolewe, na kila kilichotolewa kiandikwe, kwa sababu uzito na kitovu cha mizani vinabadilika. Tenga fedha na siku kwa ajili yake tangu mwanzo.

Injini nayo haingojei. Lycoming, kiwanda cha injini za ndege ndogo, hutarajia ndege inayotumika iruke angalau mara moja kila siku 30; ikizidi hapo, injini ihifadhiwe kwa utaratibu wa kiwanda. Katika unyevu wa Januari huku kwetu kutu huanza kwenye kamshafti bila kuonekana. Kuiwasha chini dakika kumi hakusaidii, maana mafuta hayapati joto la kutosha kufukuza maji.

Kuhusu adhabu, niseme wazi. Sheria namba 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010 ndiyo inayosimamia usafiri wa anga wa kiraia nchini. Ndege iliyobadilishwa bila data iliyoidhinishwa inapoteza uhalali wa cheti chake cha kufaa kuruka. Mkaguzi akiikuta, inaweza kuzuiwa papo hapo. Mwenyewe ataombwa kitabu cha ndege, idhini ya mabadiliko, saini ya fundi mwenye leseni, ripoti mpya ya uzito na karatasi za kila kifaa. Kilichokosa idhini kitatolewa au kitaombewa idhini upya, na siku zote hizo ndege imelala. Kampuni ya bima ikiona cheti hakikuwa halali siku ya ajali, ina sababu ya kukataa kulipa. Na tableti yenye ramani si mbadala wa chombo kinachotakiwa kisheria.

Kazi ikiisha bado kuna majaribio: mabomba ya pito na statiki, yanayopeleka hewa kwenye vyombo vya kasi na kimo, yapimwe kama yanavuja, altimita (kipimo cha kimo) ilinganishwe na kimo kinachotumwa na transponda, dira isahihishwe mbali na bati za hanga. Kipimo cha kazi hiyo hakipo katika kila karakana, na chenyewe lazima kiwe na cheti cha usahihi kisichopita muda. Kiwekee tarehe mapema. Rubani ajifunze vyombo vipya chini kwanza, kisha azunguke Luano mchana hali ya hewa ikiwa nzuri, bila abiria. Safari ya Kalemie ipangwe baada ya hapo.