Kabla hujasema mbegu ni feki, angalia ua kwanza

Kila msimu wa maua ukipita malalamiko yanamiminika ofisini, na mengi yanafanana: mbegu mliyopitisha ni feki, imeota vizuri, imetambaa, imechanua, halafu maua yote yamepukutika na tunda hakuna. Sisi wakaguzi wa mbegu tunapokea kila lalamiko kwa nia njema na tunajua hasara inauma, ila mbegu ikishaota ikafika kuchanua ujue imeshajitahidi sana, kilichobaki hapo ni dume na jike wakutane, na wasipokutana hata mbegu iwe bora vipi huvuni kitu.

Tuchukue boga. Mmea mmoja una maua ya aina mbili. Ua dume liko kwenye kikonyo kirefu chembamba, katikati lina stameni zenye unga wa njano, hiyo ndiyo chavua. Ua jike unalijua hata kabla halijafunguka, maana chini ya petali pana kiboga kidogo kimeshajiumba, hiyo ni ovari, na ndani yake kuna vijiyai ambavyo vikirutubishwa ndivyo vinakuwa mbegu. Sasa maua yanayotangulia kutoka kwa kawaida ni madume, yanachanua, yanaanguka, na YANATAKIWA kuanguka. Hili tumelieleza mara nyingi jamani, ua dume halizai tunda hata umwage mbolea gunia zima. Jike nalo linafunguka asubuhi moja tu, jua likipanda linajifunga, nyuki asipopita saa hizo basi tena, kile kiboga kinageuka njano kinasinyaa kinadondoka. Na chavua ikifika kidogo, boga linaweza kuota limepinda, upande ambao vijiyai vyake havikurutubishwa unabaki mwembamba.

Ndiyo maana tunasisitiza usipige dawa ya wadudu asubuhi maua yakiwa wazi. Kama lazima upige, soma lebo kwanza, halafu subiri jioni maua yamefunga na nyuki wamerudi. Mtu anapiga saa tatu asubuhi anaua nyuki wote halafu wiki mbili baadaye anakuja kulaumu mbegu, kwa kweli hapo hata sisi tunachoka.

Chavua ikishatua kwenye stigma, ile ncha yenye kunata, inaota. Inatoa mrija mwembamba sana unaopenya kwenye staili, yaani shingo ya ua jike, kushuka mpaka kwenye kijiyai, na mrija unafikisha seli mbili za kiume. Moja inaungana na yai, hapo ndo kinapatikana kiinitete ambacho ni mmea mchanga wenyewe. Ya pili inaungana na viini viwili vya katikati, inatengeneza akiba ya chakula cha huyo mchanga. Huku kurutubisha mara mbili kwa mpigo mmoja kuligunduliwa na Sergei Nawaschin mwaka 1898, na kusingekuwepo, hata punje ya hindi isingekuwa na unga, kwa sababu sehemu kubwa ya punje ni hiyo akiba.

Tukishagusa hindi, mbelewele kule juu ni dume, na zile nywele za hindi changa ni jike. Kila unywele mmoja umeshikana na kijiyai kimoja, na unahitaji chavua yake. Unywele uliokosa, punje yake haipo. Ukimenya hindi ukakuta mapengo mapengo usikimbilie kusema mbegu mbovu, mara nyingi ukame ulichelewesha nywele na zilipotoka mbelewele ilikuwa imeshamwaga yote, au ulipanda mstari mmoja mrefu upepo ukapeleka chavua kwingine. Panda mistari kadhaa ikae pamoja.

Hindi la chotara ukirudishia punje zake shambani, watoto hawafanani na mzazi, wengine wafupi wengine wanazaa kidogo, hajakuibia mtu hapo, ni baba na mama wamegawana upya. Maharage ni tofauti, ua lake kwa kawaida linajichavusha lenyewe kabla halijafunguka vizuri, kwa hiyo mbegu uliyotunza haibadiliki sana. Na papai, tafadhali, kuna mti dume, jike na wenye jinsia zote mbili, na kwa kutazama mbegu kwa macho huwezi kujua ni upi, kwa hiyo panda miche miwili mitatu kila shimo ungoje maua uchague.

Kwa wazalishaji wa mbegu. Shamba la mahindi ya mbegu litengwe na mahindi mengine, umbali unaotumika sana ni mita 200, ila fuata ule wa kanuni zenu. Mistari ya mama, ile inayovunwa mbegu baada ya kupokea chavua ya mistari ya baba, ing'olewe mbelewele kabla haijamwaga, kila siku, hata sikukuu. Mkaguzi anapita wakati wa maua bila kupiga simu, akikuta mistari ya mama inamwaga chavua kupita kiwango, shamba linakataliwa, mavuno hayapati lebo ya mbegu, yanauzwa kama nafaka ya kawaida. Na kulia gharama za dawa na vibarua hakubadilishi ripoti, kwa sababu chavua ikishatua hairudi.

Mwenye lalamiko la kweli, tunza pakiti na namba ya loti, yaani ya fungu la mbegu lililotoka pamoja, tunza risiti, bakiza mbegu kidogo ambazo hujapanda, piga picha ya maua dume na jike yote mawili, andika tarehe uliyopiga dawa na saa, halafu toa taarifa mimea ikiwa bado imesimama. Ukishang'oa na kulima upya hatuna cha kupima, na fomu itarudi kwako imeandikwa haikuthibitika.