"Ulihoji wangapi?" si swali la mbinu

Kuna mjumbe kwenye kila jopo la tasnifu hapa Moshi, awe chuo gani, anayesubiri mwanafunzi amalize kueleza ili amuulize: "Ulihoji wangapi?" Akijibiwa 19, kazi imekwisha. "Kwa hao huwezi kujumlisha, useme na wengine wako hivyo. Ungefanya jaribio." Nimelisikia tena juzi, nimechoka.

Jaribio nalijua na nalipenda. Unapiga kura ya bahati nasibu kugawa watu, kundi moja linapata huduma, jingine linasubiri, unapima tofauti. Kura inafanya makundi yafanane hata kwa mambo usiyoyajua. Kwa swali la "je, imesaidia?", sisi watu wa mahojiano, wa madaftari na rekoda, hatuna cha kushindana nayo. Hapo sibishani.

Ninachobishia ni imani kwamba namba kubwa ndiyo inayokupa haki ya kujumlisha. Chukueni jaribio la Mwanza la kutibu magonjwa ya zinaa, lililochapishwa mwaka 1995. Kwenye semina hutajwa maelfu ya watu waliofuatiliwa. Lakini kura haikupigwa kwa watu, ilipigwa kwa jamii, nazo zilikuwa 12: jozi 6, katika kila jozi jamii moja ikiboreshewa matibabu kwenye vituo vya afya. Maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40. Sijawahi kumsikia mjumbe wetu akiguna kwamba 12 ni chache, na asigune, maana mpangilio ulikuwa mzuri.

Sasa vuka mpaka uende Rakai, Uganda. Jaribio jingine, magonjwa yaleyale, matokeo yakatoka 1999: VVU havikupungua. Nani alikosea? Si lazima awepo. Rakai waliwapa dawa watu wote kwa awamu, wenye dalili na wasio nazo. Mwanza waliwatibu waliokuja kituoni wakiumwa. Janga la VVU la Rakai nalo lilikuwa limekomaa zaidi. Kwa haki, maelezo hayo hatukuyaleta sisi watu wa mahojiano, yaliletwa zaidi na wataalamu wa magonjwa ya mlipuko na modeli zao. Lakini ona: majaribio mawili makubwa, kura imepigwa sawasawa, na bado ukitaka kulihamisha jibu hadi Rombo au Hai lazima ujue lilifanyaje kazi kule lilikofanya kazi. Kura haikuambii hilo.

Na jaribio hupima kile ulichojua kupima. Dodoso moja tulilopita nalo Kibosho liliuliza nani anaamua matumizi ya hela ya maziwa. Mama mmoja akajibu papo hapo, "Tunaamua pamoja," mzee wake akiwa kwenye kigoda hatua mbili tu kutoka kwake. Nikazungushia jibu. Mzee alipotoka kwenda kilabuni, mama akaanza kumkatia ng'ombe mgomba, mimi nikisogeza vipande kwa mguu.

"Maziwa ya asubuhi yanaenda kituo cha maziwa," akasema bila kuulizwa. "Yanaandikwa, mzee anayaona. Ya jioni hayana daftari, mwanangu."

Hapo ndipo nikaelewa tulikuwa tunauliza nini. Ukienda kwa kaya 2,000 na swali lile, mzee yupo pale kwenye kigoda, utakusanya "pamoja" kwa mafungu. Ukigawa mafunzo ya jinsia kwa kura na kupima "pamoja" kabla na baada, utapata sifuri safi yenye takwimu nzuri, na maziwa ya jioni yataendelea kuuzwa nyuma ya nyumba.

Mwanza waliwahi kulipima vizuri jambo hili, la dodoso kutoambiwa ukweli. Pembeni ya jaribio la elimu ya afya ya uzazi lililoitwa MEMA kwa Vijana, watafiti walilinganisha njia tano za kupata taarifa za ngono kwa vijana, vipimo vya maabara vikiwemo. Kuna wasichana maabara iliwakuta na ugonjwa wa zinaa huku dodoso likisema hawajawahi kujamiiana. Kuishi kijijini na vijana kulifichua mengi ambayo dodoso halikuyaona. Jaribio lenyewe, kwenye jamii 20, lilikuta ujuzi wa vijana umepanda na maambukizi hayakushuka.

Ila na sisi tuache usanii. Kila tasnifu siku hizi inadai imefika mahali pasiposikika jipya kwenye mahojiano ya 12, ikiitaja makala ya mtafiti Guest na wenzake ya mwaka 2006. Mmeisoma makala yenyewe? Walikuwa na mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, watu wa hali inayofanana, maswali yaleyale, ndipo wakaona mada zao zilishajitokeza ndani ya 12 ya mwanzo. Wakulima wa kahawa wa Machame, huyu ana ekari 8 na yule ana migomba ya nyuma ya jiko, hawamo humo.

Na hili vitabu havilisemi: sijui kwa uhakika kama nimewahi kufika huko. Husikii jipya labda kwa sababu umeacha kuuliza jipya, au mtendaji wa kijiji anakupeleka kwa jamaa zake, au posho imekata. Hata yule mama wa Kibosho, huenda aliniambia ya jioni kwa kuwa aliona ndicho ninachotafuta. Sina maabara ya kulipima hilo.

Kwa hiyo mjumbe, uliza mengine. Nani aliwachagua hao 19? Nani alikuwa amekaa pale wakati wa mahojiano? Kati yao wajane ni wangapi? Na wewe mwanafunzi, barua ya mkurugenzi itakufikisha kwa mtendaji, na mtendaji atakuwa ameshakuandalia kaya. Mshukuru, kisha mwombe mwenyekiti wa kitongoji orodha nzima, uchague mwenyewe, na upange kurudi saa kumi na moja jioni, wakati wa kukamua.