Boya moja halitoshi kwa somo

Boya la Argo, mpango wa kimataifa wa kupima bahari, halina injini wala nanga. Hubebwa na mkondo kwenye kina cha mita 1,000, na kila baada ya siku 10 hivi huzama hadi mita 2,000, kisha hupanda huku likipima joto na chumvi. Hupandaje? Pampu ndogo husukuma mafuta kutoka ndani kwenda kwenye kibofu cha nje. Boya hutanuka bila kuongeza uzito, nalo huelea. Likiibuka hutuma vipimo kwa setilaiti, na mara nyingi kabla ya saa 24 kupita yeyote duniani anaweza kuvipata bure. Maboya haya yanakaribia 4,000, nayo ni sehemu moja tu ya GOOS, mfumo wa dunia wa kuangalia bahari ulioanzishwa mwaka 1991.

Data, basi, zipo. Kazi ni kuzigeuza ziwe somo, na hapo ndipo mitandao ya elimu ya bahari inapohitajiana.

Tuseme darasa moja linafuatilia boya la tropiki. Mchoro wao unaeleweka haraka: nyuzi 28 juu, joto linaporomoka ndani ya mita mia chache, na kwenye mita 1,000 zimebaki nyuzi nne au tano. Juu joto, chini baridi, wanafunzi wanafunga daftari. Sasa wakutanishe na darasa linalofuatilia boya la karibu na Antaktika majira ya baridi. Huko maji ya juu yanakaribia kuganda, nyuzi 1.8 chini ya sifuri, na mita mia kadhaa chini yake kuna maji yenye joto zaidi. Kwani maji ya moto hayakai juu? Ubishi unaanza, na mimi naupenda ubishi huo kuliko jibu lenyewe. Jibu limo kwenye safu ya namba za chumvi, ile ambayo wengi huiruka: maji ya juu kule yana chumvi kidogo, kwa hiyo ni mepesi ingawa ni baridi.

Ulaya wana EMSEA, chama cha waelimishaji wa sayansi ya bahari, Marekani wana NMEA, chama kama hicho, na zipo programu ambazo darasa huasili boya na kulipa jina. Naomba mitandao hii ioanishe kwa makusudi madarasa yenye maboya yasiyofanana, na itafsiriane mazoezi.

Wataalamu wa vipimo nao wawepo tangu mwanzo. Data za siku za kwanza hukaguliwa na kompyuta. Wataalamu huzipitia upya baadaye, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja hivi, na namba za chumvi huweza kusahihishwa kwa kuwa kihisi hupotoka taratibu. Mwalimu ambaye hakuambiwa hilo atakuta mchoro wa mwaka jana umebadilika, huku darasa zima likimtazama.