Usalama kazini kwa wafanyakazi wa ngono: kondomu inakuja mwisho

Mimi nafanya mambo ya afya na usalama mahali pa kazi, viwandani, maghalani, jikoni, na kila nikisema wafanyakazi wa ngono nao wananihusu, watu wanadhani nataka kuongelea Ukimwi tu. Sasa skia, kwenye fani yetu kuna mpangilio tunafundishwa mwanzoni kabisa: kwanza unaondoa hatari yenyewe, ukishindwa unaizuia isimfikie mtu, ukishindwa tena unabadilisha kazi inavyopangwa, afu mwisho kabisa ndo unampa mtu kifaa cha kujikinga. Kondomu ni kifaa cha kujikinga. Yaani kwenye kazi hii tumeanzia mwisho na tukabaki hapohapo.

Maswali yangu ya kwanza ni mengine kabisa. Mlango unafungwa na nani, na ufunguo anao nani? Akipiga kelele kuna mwenzake wa kumskia? Taa inatosha kumwangalia mteja kabla ya kuanza, kama ana vidonda au majimaji yasiyo ya kawaida? Na kubwa kuliko yote, anaweza kusema hapana na bado akabaki na kazi? Ubelgiji wameliweka hili kwenye sheria iliyoanza kutumika Desemba 2024, mwenye mkataba anaweza kumkataa mteja au tendo lolote bila kufukuzwa, na chumba lazima kiwe na kitufe cha dharura. New Zealand walishatangulia, sheria yao ya 2003 inambana mwenye danguro na mteja pia kuhusu kondomu, mzigo haukuachwa kwa mfanyakazi peke yake, na hilo kwangu ndo la maana sana manake bosi anayemwambia mtu "mteja akitaka bila, mpe" anatengeneza ajali kwa makusudi.

Haya, tuje kwenye kifaa chenyewe, maana hata hapo watu wanafundishwa nusunusu. Kondomu nyingi ni za mpira wa lateksi, na mafuta yanaharibu lateksi kwa dakika chache tu, iwe vaselini, losheni au mafuta ya kupikia. Tumia kilainishi cha maji au cha silikoni, na kitumie kweli, manake mtu mwenye wateja wengi kwa siku anapata michubuko midogo asiyoiona na ndo njia ya maambukizi. Kuvaa mbili kwa pamoja hapana, zinasuguana. Zenye dawa ya kuua mbegu za kiume iitwayo nonoksinoli-9 achana nazo, ukiitumia mara kwa mara inachubua. Kama lateksi inakuwasha zipo za poliyurethani.

Na kuna sehemu polisi wanachukua kondomu kwenye pochi kama ushahidi, hivo mtu anaamua asitembee nazo. Mimi hilo linaniuma sana, ni sawa na kumvua fundi kofia ngumu afu unamrudisha chini ya jengo.

Mgongo, magoti, viganja, kukosa usingizi, haya hakuna anayeyauliza ila wenyewe ndo wanayalalamikia kila siku. Kitanda cha urefu unaofaa na mapumziko kati ya mteja na mteja vinasaidia, sio kutegemea dawa za maumivu tu.

Kondomu ikipasuka usijioshe ndani kwa sabuni wala dawa yoyote, unazidisha michubuko, osha nje kwa maji basi. Dawa za PEP za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi, unameza siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba ni ndani ya siku 5. Chanjo ya homa ya ini B pata kabla, usisubiri tukio. Na tafuta leo, ukiwa umetulia, kituo gani karibu yako kinatoa PEP usiku na wikendi, namba yake iweke kwenye simu, na mpe na mwenzako unayefanya naye kazi.