Je, wajua kwa nini wakili Barbara Jordan alishindwa mara mbili kabla ya kuwa seneta wa jimbo la Texas, Marekani?

Wengi wanamjua Barbara Jordan kwa ile hotuba ya Julai 1974, kamati ya bunge la Marekani ilipokuwa inajadili kumwondoa Rais Nixon madarakani, ila mimi stori yake ninayoipenda iko nyuma kidogo, pale Houston, mji wa Texas, akiwa bado wakili kijana anatafuta wateja. Alimaliza sheria Boston University 1959, akafundisha mwaka mmoja chuo cha Tuskegee, Alabama, halafu akarudi nyumbani Fifth Ward, mtaa wa Weusi pale Houston, na ofisi yake ikawa meza ya kulia chakula ya wazazi wake.

1962 akagombea bunge la jimbo, chali. 1964 tena, chali. 1966 akagombea seneti ya jimbo, akapita. Sasa alibadilika nini? Hakubadilika, ni mwanamama yule yule na sauti yake ile ile nzito. Kilichobadilika ni mipaka.

Iko hivi, zile mara mbili za mwanzo kaunti nzima ya Harris, ambayo ndani yake ndo iko Houston, ilikuwa inapigia kura kila kiti, kwa hiyo hata mitaa ya Weusi ikikupa kura zake zote unamezwa tu na kura za Wazungu wa kaunti nzima, ambao wengi wao hawakuwa tayari kumchagua mwanamke Mweusi. Na seneti ndo ilikuwa mbaya zaidi, maana katiba ya Texas ilisema kaunti moja haizidishi seneta mmoja, basi Harris na watu wake zaidi ya milioni 1.2 wakawa na seneta mmoja tu. Hiyo ni kura ya mtu kupunguzwa uzito mchana kweupe!

Halafu 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kesi ya Reynolds dhidi ya Sims, iliyotoka Alabama, kwamba viti vya mabunge ya majimbo vigawanywe kwa idadi ya watu. Texas ikabidi ichore ramani upya, Harris ikaongezewa maseneta, na ndani ya eneo jipya namba 11 ikaangukia mitaa ile ile iliyokuwa inampa kura Barbara tangu 1962. Na kodi ya kupigia kura, ile iliyowafungia nje maskini miaka yote, mahakama ikaifuta kwenye chaguzi za majimbo mwaka huo huo 1966.

Januari 1967 akaingia seneti ya watu 31, mwanamke peke yake, na Mweusi wa kwanza humo tangu 1883. Alisukuma hadi Texas ikapata sheria yake ya kwanza ya kima cha chini cha mshahara. Wenzake wakamheshimu mpaka 1972 wakamchagua rais wa muda wa seneti, cheo kinachofuata nyuma ya gavana na naibu wake, na tarehe 10 Juni akakaimu ugavana kwa siku moja, na baba yake, yule mwenye meza, alikuwepo Austin, mji mkuu wa Texas, akamshuhudia. Mzee aliugua ghafla siku hiyo hiyo, kesho yake akafariki.